Juma la Kazi za Bibi: Kutoka Buguruni hadi Kinondoni

Jumatatu, Buguruni

Kazi za mikono za marehemu Bibi, karibu zote za kanisani, zimetawanyika. Sanduku la bati lipo nyumbani Buguruni, nguo za altare ziko sakristia ya parokia, chumba cha vifaa vya Misa, vituo vya Njia ya Msalaba vimetundikwa kigangoni, kanisa dogo la parokia, na rozari zimo mifukoni mwa wanajumuiya ambao wengine wamekwisha kuhamia Mbagala na Kimara. Kuanzia leo hadi Jumamosi, Siku ya Marehemu Wote, kazi ni kuzipitia: ipi bado inafaa altareni, ipi itengenezwe, ipi ipumzishwe. Bibi hakuacha barua wala shajara. Maisha yake yamo kwenye mapindo ya vitambaa.

Sanduku limefunguliwa uani, chini ya mwembe, si sebuleni. Koga iliyokaa miaka ndani ya bati haifai kupumuliwa chumbani, na jua la moja kwa moja hula rangi za nyuzi, kwa hiyo kivuli chenye hewa ndicho mahali pake. Shuka jeupe linatandikwa kwanza ili sindano au ushanga ukidondoka uonekane. Kilichotoka: korporale 9, purifikatori 22 (vitambaa vya kufutia kikombe cha Misa), pala 4 (vifuniko vya kikombe hicho), vitambaa vya altare 3 vyenye ncha za kroshia, stola 2 (vitambaa virefu ambavyo padre huvaa shingoni), batiki 1 kubwa ya zambarau, na kitambaa kimoja ambacho hakikumalizika.

Korporale ndiyo inayoonyesha akili yake. Ni kitambaa cha mraba, sentimita 50 kwa 50, kinachotandikwa chini ya kalisi (kikombe cha divai) na patena (sahani ya Hostia, mkate wa Misa) wakati wa Misa. Wengi wanaoanza kudarizi huweka msalaba mkubwa katikati, upendeze macho. Bibi hakufanya hivyo hata mara moja. Nyuzi zilizoinuka katikati huifanya kalisi iyumbe, na chembe za Hostia hunasa humo zisitoke. Msalaba wake ni mdogo, uko upande wa mbele, sentimita 3 tu kutoka kwenye pindo, umeshonwa kwa nyuzi 2 zilizochomolewa katika uzi wa darizi wenye nyuzi 6. Ukitumia zote 6 msalaba unakuwa mnene na kitambaa kinajikunja ukifua.

Sasa mapindo. Ndani ya kila upindo kuna nukta ndogo za uzi, mshono mmoja mmoja, zisizoonekana mpaka kitambaa kigeuzwe na kuinuliwa kwenye mwanga. Wanajumuiya waliokaa naye wanajua maana yake: nukta moja ni rozari moja iliyosaliwa kazi ikiwa mkononi. Korporale moja ina nukta 11. Kitambaa kirefu cha altare kina nukta 140 na ushei, na kroshia yake ni ya miraba: mraba mtupu ni nguzo moja na minyororo miwili, mraba uliojaa ni nguzo tatu. Kwa miraba hiyo ameandika herufi za Jina la Yesu, IHS, upana wote wa altare. Katika kazi ya namna hii nguzo moja ikisahaulika mstari wote unasogea, na herufi iliyoko mbele hutoka imepinda. Hakuna iliyopinda.

Rangi za nukta nazo zina mpango. Jumatatu na Jumamosi, siku za kutafakari matendo ya furaha katika rozari, ni nyeupe. Jumanne na Ijumaa, matendo ya uchungu, ni nyekundu. Jumatano na Jumapili, matendo ya utukufu, ni manjano. Vitambaa vyake vya zamani havina rangi nyingine. Vile vya baadaye vina buluu, na hiyo ni ya Alhamisi, baada ya Papa Yohane Paulo II kuongeza matendo ya mwanga mwaka 2002. Kwa rangi hiyo tu unaweza kukadiria umri wa kitambaa. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kutengeneza kazi zake: upindo haukatwi. Kama umelika, unashonewa utepe mwembamba wa pamba kwa nje.

Madhara tuliyoyakuta ni ya kawaida kwa hali ya hewa ya Dar, na yote yana chanzo. Mistari ya kahawia kwenye mikunjo inatokana na kitambaa kukaa kimekunjwa pale pale miaka mingi. Uzi unavunjika hapo kwanza. Madoa ya kutu yametoka kwenye pini. Kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki ndicho chenye koga nyingi kuliko vyote, maana plastiki hufungia unyevu ndani, na aliyekifunga alidhani anakilinda. Purifikatori mbili zimeliwa na mende, kwa sababu ziliwekwa zikiwa na wanga. Mende na viwavi vya nguo hawana haja na pamba yenyewe kama wanavyotaka kile chakula kilichomo.

Jioni ilikuwa ya kufua. Korporale na purifikatori zilizogusa Mwili na Damu ya Kristo hazianzi na sabuni. Zinaloweshwa kwanza kwenye maji matupu, na maji hayo yanamwagwa ardhini penye maua, pasipokanyagwa, au kwenye sakrario, sinki inayopeleka maji moja kwa moja ardhini, kama sakristia inayo. Kisha ndipo sabuni ya mche, maji ya vuguvugu, kufikicha kwa viganja bila brashi. Doa la divai likiwa bichi linatoka kwa maji baridi. Likishapigwa pasi limekaa. Nta ya mshumaa isikwanguliwe ikiwa laini: kitambaa kinaingizwa kwenye friji nusu saa, nta inavunjwa kwa mgongo wa kisu, kisha karatasi ya kaki juu na chini, pasi ya moto kiasi, na karatasi inabadilishwa mpaka isinyonye tena. Jiki marufuku. Inang'arisha leo, mwakani kitambaa ni cha manjano na kinachanika ukikivuta.

Purifikatori 3 hazikuweza kuokolewa. Kitu kilichobarikiwa hakitupwi jalalani: kinachomwa moto na majivu yanazikwa, au kinazikwa chenyewe. Mapindo yake yalipigwa picha kwanza, rula ikiwa pembeni.

Jumanne, Kariakoo

Safari ya leo ni ya uzi na kitambaa, na mkoba uwe na vipande vya sampuli, si kumbukumbu ya macho. Weupe si mmoja. Uzi wa Bibi umegeuka kuwa wa maziwa, na uzi mweupe mpya ukishonwa kando yake unaonekana kama kiraka.

Katika maduka ya vitambaa ya mitaa ya Uhuru na Kongo, ukitamka tu neno altare muuzaji anakushushia satini inayometameta. Satini haifai. Inateleza, haifyonzi, na mshumaa ukidondoka inayeyuka. Kinachotakiwa ni kitani, na kisipopatikana, pamba tupu iliyofumwa kwa kubana. Maneno ya muuzaji kwamba ni pamba asilimia mia yanapimwa kwa kiberiti: chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uwashe nje ya duka. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu mepesi. Poliesta inajikunyata na kuacha kidonge kigumu cheusi. Wauzaji wenyeji hawakasiriki, wengine wanakupa kiberiti wenyewe.

"Shikamoo mama, huu uzi mwekundu hauchuji?"

"Marahaba. Hauchuji mwanangu, labda maji yako."

Hata hivyo jaribu. Uzi mwekundu unaloweshwa, unawekwa juu ya kitambaa cheupe, unapigwa pasi. Ukiacha waridi, usinunue, kwa kuwa msalaba mwekundu unaochuja katikati ya pamba nyeupe hauna dawa. Rangi zote zichaguliwe mlangoni penye mwanga wa jua. Taa za ndani zinadanganya, hasa kati ya zambarau na buluu. Nunua pia urefu wa ziada wa asilimia 10, maana pamba husinyaa, na ifuliwe kabla ya kukatwa.

Mengine ya leo: kamba ya nailoni ya rozari, karatasi nyeupe ya kuzungushia, na bomba la plastiki la inchi 4 kutoka maduka ya mabomba ya huko huko Kariakoo. Vitambaa virefu vya Bibi havitakunjwa tena. Bomba linazungushiwa pamba safi, kitambaa kinaviringishwa upande wa darizi ukiwa nje, kisha shuka la kufunika. Si plastiki.

Jumatano, Kivukoni na Upanga

Kwa mwendokasi hadi Kivukoni, kisha hatua chache kwa miguu. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu linatazama bandari. Lilijengwa na wamisionari Wabenedikto Wajerumani kati ya 1897 na 1902, na maandishi ya Kijerumani bado yanasomeka ndani. Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali mwaka 1960, alikuwa Askofu Mkuu hapa kuanzia 1968 hadi 1992. Bibi alikuwa akiketi upande ambao mwanga wa vioo vya rangi unafika asubuhi, na aliyeona stola zake anatambua mara moja alikotoa mpaka mwembamba mweusi unaozunguka kila ua. Ni risasi ya vioo ile, yaani madini ya risasi. Kwenye dirisha, risasi ndiyo inayoshikilia vipande. Kwenye stola haishiki chochote, ila bila yake nyekundu na zambarau zikikaa jirani zinameza sura ya ua ukiwa mbali na altare. Alishona mpaka huo mwisho, baada ya rangi kujaa, kwa mshono wa shina. Ukiuanza kwanza, nyuzi za kujazia huufunika.

Mlangoni kulikuwa na sista. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele na milele, amina." Ruhusa ya kupiga picha huombwa hapo, na mweko wa kamera uzimwe.

Upanga ni kwa ajili ya batiki. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, Mmarekani wa shirika la Maryknoll, na ndipo wasanii kama George Lilanga walipopata nafasi na vifaa. Jengo halipo tena. Batiki ya zambarau ya Bibi, ya kufunikia msalaba mwishoni mwa Kwaresima, ni ya ufundi uliokuwa ukifanywa pale: nta ya parafini na nta ya nyuki nusu kwa nusu. Parafini peke yake inapasuka ovyo na rangi inapenya kila mahali; nta ya nyuki peke yake haipasuki kabisa, na mishipa myembamba ya rangi, ambayo ndiyo uzuri wa batiki, haipatikani. Nta iyeyushwe ndani ya sufuria iliyowekwa kwenye sufuria ya maji, kamwe isikae juu ya moto wenyewe, kwani mvuke wake hushika moto. Pamba iloweshwe na kufuliwa kabla ili kuondoa wanga wa kiwandani, la sivyo rangi inakaa juu juu na kutoka na maji ya kwanza. Batiki ya Bibi imepauka upande mmoja tu, ule uliotazama dirisha. Haitatiwa rangi upya. Itageuzwa upande.

Alhamisi, Oysterbay

Vituo 14 vya Njia ya Msalaba vimebebwa kwenye bajaji mbili, uso kwa uso, na kitambaa katikati ya kila jozi. Alivichora kwa rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya hadibodi ya mraba, kama sentimita 60 kila upande, kwa mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 huku huku Oysterbay, kabla ya kuuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Mafundi wa mtindo huo bado wanakaa karibu na Morogoro Stores, na hao ndio wa kuuliza, si fundi wa rangi za nyumba.

Jambo moja kabla ya kuvitoa ukutani: kinachofanya kituo kiwe kituo ni msalaba wa mti, picha ni msaada wa macho. Kwa hiyo picha zinatolewa, misalaba midogo 14 inabaki ukutani kigangoni, na watu wanaendelea kusali.

Kwenye mtindo huu mandhari ya nyuma inapakwa kwanza, rangi moja inayofifia kuelekea nyingine, na kuachwa ikauke siku nzima. Ndipo mwili wa picha, halafu nukta na mistari. Asiyesubiri anaona rangi ya juu ikikunjamana, kwa kuwa ya chini bado inapumua. Bibi alisubiri. Rangi zake hazina mkunjo, ila hadibodi imevimba pembeni: kingo hazikupakwa rangi, unyevu wa vuli na masika ukaingia. Tiba ni kukausha ubao ukiwa umelala, kingo kusuguliwa kwa msasa laini, gundi ya mbao iliyolainishwa kwa maji, kubana kwa vibanio viwili huku ubao mwingine ukiwa juu, kisha mikono miwili ya rangi kwenye kingo na mgongoni. Uso wa picha unapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu tu. Aliyesafisha kituo cha 6 zamani alitumia petroli, na kitambaa cha Veronika, alichomfutia Yesu uso, kikabaki na kidonda cha kijivu.

Msalaba wa Bibi haubebwi Yerusalemu. Kituo cha 8, wanawake wanaolia wamevaa kanga. Kituo cha 5, Simoni wa Kirene ni kuli wa bandarini, shati wazi. Katika kituo cha 4 Mama Maria amevaa kitenge cha sare ya WAWATA, Wanawake Wakatoliki Tanzania. Hao ndio watu wake: WAWATA ilianzishwa mwaka 1972, na yeye alikuwamo tangu miaka ya mwanzo, mweka hazina wa jumuiya na mwangalizi wa sakristia kwa pamoja. Wapo walionung'unika siku vituo vilipotundikwa. Sioni hoja yao. Wachoraji wa Italia nao walimvisha Maria nguo za mtaani kwao.

Ijumaa tarehe 1, Watakatifu Wote: Pugu

Misa ya asubuhi, kisha daladala ya Gongo la Mboto kupita uwanja wa ndege, na kuendelea hadi Pugu. Wabenedikto walifungua misheni hapa mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani, ilivamiwa na baadhi ya wamisionari wakauawa. Mwalimu Nyerere alifundisha hapa, shule ya Mtakatifu Fransisko, kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Leo mahujaji huja kusali kilimani. Bibi alikuwa anakuja kwa miguu, viatu mkononi kwenye kupanda, na mfuko wa rozari za kugawa.

Rozari zake zinatambulika kwa mguso. Punje 59: ndogo 53 za Salamu Maria, kubwa 6 za Baba Yetu. Ndogo ni zile mbegu ngumu za kijivu zinazoota kando ya maji, zenye tundu la asili, ambazo huhitaji tu kuchomolewa utambi wa ndani kwa sindano. Kubwa ni za mpingo. Kamba ya mita 1.5 inatosha, na fundo linafungwa kabla na baada ya kila punje kubwa, likiacha nafasi ya milimita 2 hadi 3 katika kila kumi. Ukibana bila nafasi, rozari inakakamaa, na kidole hakijui kimefika wapi. Ncha za nailoni zinayeyushwa kwa kiberiti na kubonyezwa. Gundi inaachia jasho likizidi. Waya alizikataa. Hewa ya bahari na jasho la Dar vinaula waya wa chuma ndani ya mwaka mmoja au miwili, na kutu inaacha mistari kwenye nguo nyeupe za Komunyo ya Kwanza.

Rozari 8 zilizokusanywa zilikuwa na tatizo lile lile: msalaba umeng'oka. Pete ya msalaba ina ufa wa kuunganishia, na kamba nyembamba inapenya humo. Suluhisho ni kupitisha kamba mara mbili kwenye pete na kuufunga ule ufa kwa koleo ndogo. Zimetengenezwa kwenye benchi kilimani huku matendo ya uchungu yakiendelea, na mwenye rozari akipokea yake anaanza kusali pale walipofika wengine.

Jumamosi tarehe 2, Kinondoni

Nia ya Misa ya leo iliandikwa ofisini parokiani wiki tatu kabla. Anayekwenda tarehe 30 anakuta daftari limejaa, na jina la marehemu linasomwa katika orodha ndefu ambayo hata msomaji anaikimbiza. Andika jina la ubatizo na la ukoo kwa herufi kubwa. Altareni leo kulikuwa na korporale mbili za Bibi na kitambaa cha nukta 140, kilichopigwa pasi kikiwa na unyevu bado, upande wa nyuma, juu ya taulo nene ili darizi isilalie. Wanga ulitiwa safari hii kwa kuwa kitafuliwa Jumatatu: kijiko kimoja cha unga laini wa muhogo kinakorogwa kwenye maji baridi kwanza, kisha lita moja ya maji yanayochemka inamiminwa polepole. Ukianza na maji ya moto unapata madonge.

Makaburini nenda kabla ya saa 3. Baadaye magari yanafunga njia, na padre anayebariki makaburi anapita haraka. Vibebwe fagio la chelewa, jembe dogo, ndoo, brashi, na mashumaa ndani ya makopo, maana upepo wa Novemba hauachi mwali. Tangu tarehe 1 hadi 8, anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu, walau kimoyomoyo, anaweza kuwapatia rehema kamili (kufutiwa adhabu za dhambi), pamoja na kuungama, kukomunika na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu.

Vigae vinne vya kaburi la Bibi vimebanduka, na chini yake kuna unga mweupe. Ni chumvi. Fundi alitumia mchanga wa pwani, chumvi ikavuta unyevu na kusukuma vigae juu. Kubandika tena juu ya plasta ile ile ni kupoteza saruji. Plasta inakwanguliwa yote, inaoshwa, na kupigwa upya kwa mchanga wa mto uliooshwa, ndoo 4 kwa ndoo 1 ya saruji, ikimwagiliwa siku saba. Hilo litafanyika mvua zikipungua. Msalaba wa mninga ni mzima, isipokuwa chini ambako mchwa wameonja. Utainuliwa na kusimamishwa kwenye kikombe cha zege ili mti usiguse udongo.

"Raha ya milele umpe ee Bwana," anaanza mwenyekiti wa jumuiya, na wengine wanaitikia.

Daftari la kazi zake limenakiliwa mara mbili, moja sakristia, moja nyumbani: jina la kazi, vipimo, kitambaa, idadi ya nukta, hali yake, na ilipo. Kitambaa ambacho hakikumalizika kimeandikwa hivyo hivyo, nukta 6, sindano imetolewa isiache kutu. Ukaguzi unaofuata ni Februari, kabla ya masika. Vituo 13 vimerudi ukutani. Cha 6 bado kiko Oysterbay. Rangi ya kitambaa cha Veronika haijakauka, na fundi amesema asije mtu kukichukua kabla ya Jumatano.